Kliniki Iliyosubiri Mkasi

Wanaosema nchi ya Neemani haipo ni watu ambao hawajawahi kuugua wakiwa ndani yake. Ipo. Ina bendera, ina wimbo wake, ina Waziri wa Uzima, na ina bima ya afya ya umma isiyomwacha mtu nje, awe mkulima au mwenye duka, awe hai au marehemu. Ndiyo, marehemu nao wana kadi, na wakubwa wa bima husema hao ndio wanachama wenye nidhamu kuliko wote, kwani hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Mzee Shomari, fundi cherehani wa mji mdogo wa Kingolwe, alikuwa na kadi yake, na mkewe Mwanaidi alikuwa na yake. Walizitunza ndani ya mfuko wa plastiki chini ya godoro. Shomari alikuwa mtu wa utaratibu. Akiambiwa apange mstari, alipanga hata kama yuko peke yake. Nguo ya mteja haikuwahi kutoka kwake na uzi unaoning'inia, na tangu azaliwe hakuwahi kupita mahali palipoandikwa usipite. Watu walimheshimu kwa hilo, na yeye mwenyewe alijiheshimu.

Mwanaidi yeye alikuwa na ulimi. Aliuza vitumbua sokoni, na wengi walikuja kununua huku wameshiba, mradi tu wachokozwe na Mwanaidi waondoke wanacheka. Alijua jina la kila mtu Kingolwe, na la mtoto wake, na la yule aliyekataa kumwoa. Kwa hiyo siku alipomwita muuza mkaa kwa jina la shehe, soko zima liliangua kicheko likidhani anatania. Wiki iliyofuata alitia chumvi kwenye vitumbua mahali pa sukari. Kisha kichwa kikaanza kumuuma kwa namna ya kumlaza chini, na vikombe vikawa vinamponyoka mkono wa kulia.

Jioni moja alimtazama mumewe kwa muda mrefu, akiwa ameshika sahani ya wali, kabla ya kusema, "Baba Zuhura." Zuhura alikuwa binti yao wa pekee, aliyeolewa mbali, na hilo ndilo jina ambalo Mwanaidi alimwita mumewe tangu binti huyo azaliwe. Halikuwahi kumpa taabu. Safari hii alilitafuta kama mtu anayepapasa ufunguo gizani.

Shomari alicheka ili asimtie hofu, akapokea sahani, akala bila kuonja kitu. Tangu siku hiyo alikuwa na hofu moja tu. Kifo alikiogopa kama watu wote wanavyokiogopa, lakini kilichomnyima raha ni ile siku ambayo mkewe atamtazama usoni asimjue yeye ni nani.

Tabibu wa zahanati ya Kingolwe, ambaye ndiye aliyekuwa pia mkunga na fundi wa jenereta, alimpima Mwanaidi kwa kumulika macho na kumgonga magoti, halafu akatikisa kichwa.

"Mzee, hiki kichwa si cha vidonge. Mpeleke kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Na usikawie."

"Yuko wapi huyo?"

"Hilo," alisema tabibu, "waulize bima."

*

Neemani ni nchi inayopenda raia wake waulize. Ukipiga simu ya bima hupokelewa papo hapo na wimbo wa taifa, beti zote, na ukiisha unaanza upya. Sheria ya Neemani inamtaka kila raia asimame wima wimbo huo unapopigwa. Shomari alisimama katikati ya kibanda chake cha ushonaji, simu sikioni, kidevu juu, mpaka betri ikaisha. Kesho yake alisimama tena. Wateja waliokuja kuchukua nguo zao nao walisimama.

Alipochoka kusimama alimchukua mkewe wakaenda mjini kujitafutia wenyewe. Hospitali ya kwanza ilikuwa na bango lenye maandishi makubwa, KARIBUNI WENYE BIMA ZOTE, na chini yake, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, isipokuwa ya umma. Ya pili iliipokea bima ya umma kila Jumatatu, ila daktari wa mishipa ya fahamu alikuja Alhamisi. Ya tatu ilikuwa na daktari na ilikuwa na Jumatatu, lakini mtandao ulikuwa chini, na dada wa mapokezi aliisema habari hiyo kwa huzuni ya kweli, kama anayetangaza msiba wa jamaa yake.

Walipigwa danadana hivyo hadi jioni. Mwanaidi alikuwa akimshika mkono kila wanapovuka barabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya enzi zake. Enzi zake yeye ndiye aliyesimamisha magari.

Hatimaye sauti ya mtu halisi ilipokea simu ya bima. Ilisema kliniki ya mishipa ya fahamu inayopokea bima ya umma ipo, mpya kabisa, mjini Mtamba, na vifaa vyake vimetoka ng'ambo. Shomari alimshukuru mwenye sauti ile mara nyingi mno. Asubuhi walidandia lori la viazi, wakaenda Mtamba.

*

Kliniki ya Mtamba ilikuwepo kweli. Hapo bima haikusema uongo, na msomaji anayesubiri kusikia kwamba walikuta kichaka ataaibika. Lilikuwa jengo jeupe linalonuka rangi, lenye feni zinazozunguka na vioo visivyo na alama ya mkono. Mlangoni, kutoka nguzo hii hadi ile, ulikuwa umefungwa utepe wa satini ya zambarau. Mbele ya utepe alisimama askari aitwaye Matimbwa, na mbele ya Matimbwa walikaa wagonjwa na jamaa zao, juu ya mikeka, na masufuria yao na nguo walizoanika kwenye ua.

"Bado haijazinduliwa," alieleza Matimbwa. "Mheshimiwa Waziri akishakata utepe, mtaingia wote."

"Daktari yupo?"

"Yupo. Yule pale dirishani."

Ndani, nyuma ya nondo za dirisha, alikaa kijana mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, mbele ya meza tupu. Huyo ndiye Daktari Luambano, mtaalamu wa mishipa ya fahamu, aliyesomeshwa na taifa kwa miaka mingi na kuletwa Mtamba ili asubiri.

Ilikuwepo pia meza chini ya turubai, na kwenye meza hiyo alikaa Bwana Pazi, Ofisa Mwandamizi wa Kukubali. Kazi yake ilikuwa kuzikubali kadi. Aliipokea ya Mwanaidi kwa mikono miwili, akaigeuza, akaipiga muhuri.

"Hongereni. Kadi yenu imekubaliwa."

"Kwa hiyo tuingie?"

"Kadi ndiyo inaingia. Ninyi subirini."

Shomari alidhani ni mzaha. Lakini Bwana Pazi alizikusanya kadi za siku ile katika kikapu, akazipitisha chini ya utepe kwa fimbo ndefu, na mhudumu aliyekuwa ndani akazipokea na kuzipanga juu ya viti vya kungojea, kila kadi na kiti chake. Kadi ya Mwanaidi ilikaa juu ya mto laini, chini ya feni. Mwanaidi mwenyewe alikaa juani, kichwa amekiegemeza kwenye bega la mumewe.

"Afadhali mmoja wetu amepata kiti," alisema Mwanaidi akiitazama kadi yake kupitia kioo. Watu wakacheka, na Shomari akacheka nao mpaka machozi yakamtoka, kwa maana huyo alikuwa Mwanaidi wake, hajaondoka.

*

Waraka wa Uzinduzi ulikataza huduma yoyote kabla ya utepe kukatwa. Daktari hakuruhusiwa kupima, kushauri wala kuandika. Ila waraka ulikuwa umetungwa na watu waliolelewa vizuri, na haukukataza salamu. Mgonjwa angeweza kusogea dirishani kumjulia hali daktari, na daktari, kwa kuwa naye ana adabu zake, angeweza kumjulia hali mgonjwa. Matimbwa alilisimamia hilo kwa uangalifu. Alisogea karibu kuhakikisha kwamba kinachoendelea pale ni salamu tupu.

"Shikamoo, mama," alisema Daktari Luambano, Mwanaidi alipofikishwa dirishani.

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za tangu asubuhi? Kichwa nacho kimeamkaje?"

"Kichwa kimeamka kabla yangu. Kinanigonga huku kushoto."

"Pole sana. Na mkono wa kulia haujambo? Hebu nipungie, nami nikupungie. Yote miwili." Mwanaidi akapunga. Mkono wa kushoto ulipanda, wa kulia ukaishia kifuani. "Vizuri. Nichekee kidogo, mama, nifurahi." Mwanaidi akacheka, na mdomo ukapanda upande mmoja. "Nyumbani nako? Nimsalimie nani na nani?"

Mwanaidi alifikiri. "Zuhura," alisema. "Na... huyu. Huyu hapa." Alimgusa Shomari kifuani. Macho yake yalihangaika. "Baba Zuhura," alisema mwishowe, akashusha pumzi.

Daktari naye alishusha pumzi. Matimbwa hakuona kosa. Watu huulizana habari za nyumbani kila siku.

"Mzee," daktari alimgeukia Shomari, "nakusalimu sana. Nina mama mmoja tuliyemsoma kule chuoni, hali yake ilikuwa kama ya mama huyu. Naye nampelekea salamu. Alikuwa na uvimbe kichwani. Waliuwahi, akatolewa, akarudi kuuza samaki wake. Mwingine hakuwahiwa. Basi na huyo namsalimu, huko aliko."

"Tuna muda gani, daktari?"

Matimbwa alikohoa. Hilo halikuwa salamu.

"Nawasalimu wote wanaofanya haraka," alisema Daktari Luambano.

*

Waziri alitarajiwa Ijumaa. Ijumaa ikaja habari kwamba yuko ng'ambo kujifunza jinsi wenzetu wanavyotibu vichwa. Aliporudi alikuwa amepata mafua ya huko, na ikabidi arudi huko huko wakamtibu. Ngoma za uzinduzi zilifanya mazoezi kila siku alasiri karibu na mikeka. Wenye maumivu ya kichwa, ambao ndio waliokuwa wengi, waliziba masikio na kupiga makofi kwa zamu.

Ndipo ikatokea ile asubuhi ya mbuzi.

Alikuwa mbuzi wa jirani, mzembe, mwenye kengele shingoni. Matimbwa alikuwa amekwenda kunawa. Mbuzi alipita katikati ya mikeka, akamkodolea macho Bwana Pazi, akausogelea utepe wa taifa, akautafuna. Satini ilikatika katikati. Vipande vyake vikaanguka huku na huku, na mlango wa kliniki, ambao haukuwahi kuwa na kufuli, ukabaki mbele ya watu bila kitu.

Hakuna aliyesogea.

Bwana Pazi aliinuka. Aliufungua waraka, akausoma, akaupigia kelele kama uliomsaliti. "Kituo huhesabiwa kimefunguliwa mara utepe wake unapokatika! Haukusema kwa mkasi! Jamani, mbuzi ametufungulia kliniki!"

"Sasa tuingie?" aliuliza mama mmoja kwa woga.

"Muingie? Mnataka Mheshimiwa aje akute mbuzi amemtangulia? Kliniki hii itahamishiwa wilaya nyingine kesho asubuhi! Vifaa vyote, daktari, feni! Mnataka kuipoteza?"

Hapo hofu ikawashika watu wote. Walikuwa wameingoja kliniki ile kwa muda mrefu kiasi kwamba kuipoteza lilikuwa jambo baya kuliko kutoitumia. Kila mtu alianza kupiga kelele. Mmoja alimfukuza mbuzi, mwingine alivishika vipande vya utepe kwa mikono miwili. Kisha sauti ikauliza, "Hakuna fundi hapa?"

Na Shomari akasema, "Mimi."

Alisema bila kufikiri, kama alivyosema maisha yake yote mtu akihitaji fundi. Sindano yake alikuwa nayo, na uzi wa zambarau ulipatikana kwenye mtandio wa mgonjwa. Alipiga magoti mlangoni, akavileta vipande pamoja, akaanza kushona. Mlango ulikuwa wazi mbele ya uso wake, na ubaridi wa feni ulimpuliza kwenye paji la uso. Aliiona kadi ya mkewe juu ya mto wake, karibu naye sana.

Daktari Luambano alikuwa amefika mbio dirishani. Bwana Pazi alikuwa pale pale, na Matimbwa alikuwa amerudi, na kijana yule alikuwa na mkopo wa masomo na mama anayemtegemea. Alishika nondo.

"Mzee Shomari, hujambo?"

"Sijambo, daktari," alijibu Shomari, sindano mdomoni.

"Mzee Shomari! Mama hajambo? Mama yupo? Mama naye hajambo?"

"Hajambo, yupo nyuma yangu hapa. Ahsante kwa kutujali."

"Mzee Shomari, nasema hujambo?"

"Sijambo kabisa, mwanangu."

Shomari alijiambia kwamba kijana huyu amelelewa, na akaendelea kushona. Mshono ulitoka mzuri mno. Ukipitisha kidole huusikii. Bwana Pazi aliutazama kwa karibu, akamkumbatia, na watu wakampigia fundi makofi. Mwanaidi alipiga pia, kwa mkono wa kushoto juu ya paja.

"Umeshona vizuri, Baba Zuhura," alisema.

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho.

*

Waziri alikuja wakati mvua za vuli zilipokuwa zimeanza na mikeka imeoza. Kwa sababu ya mshono ule, Mwanaidi alipewa heshima ya kuwa mgonjwa wa kwanza. Walimvisha kanga mpya yenye picha ya Mheshimiwa, wakamkalisha mstari wa mbele. Siku hizo alikuwa akizungumza kidogo sana. Mume alimlisha, alimwogesha, alimfunga kilemba, naye alimwita "wewe", kwa upole, na Shomari akajipa moyo kwamba mtu huweza kumwita mumewe "wewe" na bado akamjua.

Mheshimiwa alihutubia kwa kirefu. Alisema taifa limekata kiu ya vichwa. Alisema hakuna raia atakayekosa huduma maadamu yeye yupo. Kisha akavua miwani na kukunja uso, akasema kama mzazi.

"Lakini ndugu zangu, lazima tuambiane ukweli. Tatizo letu kubwa ni tabia ya kuchelewa kufika hospitali. Mnakaa majumbani na ugonjwa, mnakuja mambo yakishaharibika, halafu mnailaumu serikali. Tubadilike!"

Wagonjwa waliokuwa wamekaa mlangoni pale tangu kiangazi walipiga makofi, na baadhi yao waliona aibu.

Mkasi uliletwa juu ya mto. Bwana Pazi alinong'ona kitu, na Mheshimiwa akamwita fundi mbele, akamshika mkono mbele ya kamera. "Huyu," alisema, "ni mzalendo. Wakati wengine wangevamia, yeye aliulinda utepe wa taifa kwa sindano yake." Ngoma zikalia. Shomari aliinama kwa adabu. Utepe ukakatwa.

Wakaingia. Ilikuwa rahisi hivyo. Hatua chache tu, na wakawa ndani, chini ya feni, na mhudumu akaiinua kadi ya Mwanaidi kutoka kwenye kiti ili mwenyewe akae.

Daktari Luambano alimpima kwa muda mrefu. Sasa aliruhusiwa kumgusa, kwa hiyo alimgusa, mikono, miguu, shingo. Alimpitisha kwenye mashine ya ng'ambo, akazitazama picha zake dhidi ya mwanga. Sasa aliruhusiwa kusema chochote, na alikaa kimya.

"Sema, daktari," alisema Shomari. "Mimi ni mtu mzima."

"Umeenea, mzee. Haukatiki tena."

"Tungekuja lini?"

"Mlikuja, mzee. Mlikuja mapema." Kijana alifuta uso kwa mkono wa koti. "Siku ile ya mbuzi bado ingewezekana. Nilikuita. Mungu anisamehe, nilikuita kama mwoga, lakini nilikuita."

Nje walikuwa wakigawa soda. Shomari aliitazama mikono yake juu ya magoti, ile mikono isiyoacha uzi unaoning'inia. Aliona jinsi vidole vilivyokuwa vimevuta vile vipande viwili vya satini pamoja, taratibu, kwa ufundi, na jinsi alivyojisikia fahari. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ameufunga mlango ule yeye mwenyewe, mkewe akiwa nyuma yake, na akaitikia salamu huku akiufunga.

Alilia. Hakuwahi kulia mbele ya watu, na hakujua inavyofanywa. Alilia kwa sauti, mabega yakipanda na kushuka, na daktari hakujua amshike wapi.

Mwanaidi aligeuka akamtazama. Alimtazama vizuri, yule mzee mgeni aliyekaa karibu naye, na huruma ikamjaa usoni, maana moyo wake ulikuwa bado mzima. Alishika ncha ya kanga yake, mahali palipokuwa na tabasamu la Mheshimiwa, akamfuta machozi kwa mkono wa kushoto.

"Pole, mzee," alimwambia. "Usilie. Mgonjwa wako atapona."